Shingo inanikaza hata nikikuna nazi: nifanyeje bila kuacha shughuli zangu?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Likoni na nafanya kazi kwenye ofisi ya kliaringi, yaani ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Kilindini hapa Mombasa. Huu karibu mwaka mzima shingo na mabega yananikaza, hasa upande wa kulia, na jioni kichwa huniuma nyuma kwenye kisogo. Nimepigwa picha, nikaambiwa mifupa iko sawa. Nimemeza dawa za maumivu. Kuna mama mmoja mtaani kwetu hodari wa kukanda, nikitoka kwake najihisi mwepesi siku mbili tatu, kisha yanarudi pale pale. Mwanangu ananiambia "mama kaa wima", nami nikikaa wima ndiyo nachoka zaidi. Hata nikikuna nazi au nikisujudu shingo inavuta. Muda wa mazoezi sina: alfajiri niko kivukoni, magharibi ndiyo narudi. Je, kuna njia ya kuulegeza mwili huku naendelea na shughuli zangu? Na kuna mto wa shingo nimeuona dukani, bei yake kali. Ninunue?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, udaktari ni cheo mnachotupa kwa mapenzi tu. Swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo. Mwili unaweza kulegea ukiwa kazini, na kwa shida kama yako huko kazini ndiko mahali pake hasa. Nusu saa ya mazoezi jioni, hata ungekuwa nayo, haiwezi kushindana na kutwa nzima ya kujikaza.

Lakini kwanza nikuulize yale ambayo ningekuuliza ungekuwa umeketi mbele yangu. Mkono unakufa ganzi, au unadondosha vitu? Maumivu yanakuamsha usiku hata ubadilishe ulalo vipi, au yamekuja pamoja na homa, au unapungua uzito bila sababu? Yalianza baada ya kuanguka au ajali? Miguu inakosa nguvu, au haja ndogo inakushinda kuizuia? Likiwapo hata moja kati ya hayo, acha kusoma, nenda Makadara au hospitali iliyo karibu nawe ukaonwe. Na maumivu ya taya, bega au mkono yakija pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika, yachukulie kuwa ni ya moyo mpaka daktari akwambie siyo. Hayo hayangojwi kupambazuke. Katika ulivyoniandikia sizioni dalili hizo, kwa hiyo naendelea.

Yule mama anayekukanda anafanya kazi nzuri na wala sikwambii uache kwenda. Ila tazama anachofanya: anaulegeza msuli uliokwisha kukazwa. Aliyeukaza ni wewe, na kesho yake alfajiri unaanza kuukaza upya kabla hata feri haijatia nanga upande wako. Msuli wenyewe hauna ugonjwa, unatii amri unayoupa kutwa bila kujijua.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kikikaa juu ya uti wa mgongo kwa mizani yake, misuli ya shingo ina kazi ndogo tu. Kikitangulia mbele kuifuata skrini au simu, misuli ya kisogoni inabidi ikishike kisianguke. Mmoja wa misuli hiyo ni mpana sana: unaanza chini ya fuvu, unashuka hadi katikati ya mgongo, na unajitandaza mpaka kwenye ncha za mabega yote mawili. Ndiyo maana bega likipanda mchana, kisogo kinauma jioni. Tena msuli unaokazwa mfululizo, hata kwa nguvu kidogo, hujibania mishipa yake wenyewe ya damu. Hamali wa Marikiti anabeba gunia zito kuliko chochote unachokibeba wewe, lakini hulitua, akajinyoosha, akanywa maji. Bega lako halitui.

Sasa hili la kukaa wima. Mwanao ana nia njema, Mungu amkuze, lakini huo ni ushauri ambao mimi siupendi kabisa, na nimewaona watu wengi uliowaongezea maumivu. Mtu akiambiwa akae wima hutoa kifua, huvuta mabega nyuma, hukaza kiuno, na mara nyingi huizuia pumzi. Shingo iliyokuwa imekazwa haijafunguliwa, imeongezewa wenzake. Dakika tatu baadaye amechoka, ameporomoka, na anajilaumu kuwa ni mvivu. Wewe si mvivu. Umechoka kwa sababu umetumia nguvu nyingi kubaki pale pale.

Aliyelichimbua jambo hili kwa undani alikuwa msanii wa jukwaani. Frederick Matthias Alexander alizaliwa mwaka 1869 huko Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, na riziki yake ilikuwa kusoma mashairi na tamthilia mbele ya watu. Sauti ikaanza kumkauka katikati ya onyesho. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inapotea tena, sawasawa na hali yako na kukandwa. Akajiambia basi kuna kitu ninachokifanya mwenyewe ninaposoma. Akajizungushia vioo, akajitazama kwa muda mrefu, akaona kwamba kila anapotaka kutamka neno anakivuta kichwa nyuma na chini, anakandamiza koo, na anaivuta pumzi kwa kishindo. Akajaribu kukipeleka kichwa mbele. Alihisi kabisa kuwa kimekwenda mbele. Vioo vikamwonyesha kuwa bado anakivuta nyuma.

Hapo ndipo ninapokutaka upaangalie. Mwili uliozoea kujikaza hutoa habari za uongo: ulilolizoea unalihisi kuwa ndilo sawa, na lililo sawa unalihisi limekwenda kombo. Kwa hiyo kujinyoosha kwa kufuata hisia hakumfikishi mtu mbali. Kilichomsaidia Alexander ni kusitisha. Akitaka kusema, anangoja, anaikataa ile pupa ya kwanza inayotaka kumkaza, ndipo anasema. Mwaka 1904 alihamia London na aliifundisha njia hiyo hadi karibu na kifo chake mwaka 1955.

Usidhani ni porojo za wasanii. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watu 579 wenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha au yanayorudirudi. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lililopata matibabu ya kawaida tu, ukiwapanga kwa idadi ya siku zao za maumivu, mgonjwa wa katikati alikuwa na siku 21 za maumivu ndani ya wiki nne. Katika kundi lililopata masomo 24 ya Alexander alikuwa na siku 3. Waliokandwa nao walipata nafuu, lakini haikufika nusu ya ile ya masomo 24. Ni kweli ule ulikuwa mgongo na wewe wako ni shingo, na wale walifundishwa ana kwa ana, mkono wa mwalimu ukiwa juu ya kichwa na mabega yao. Barua yangu hii haiwezi kuwa masomo 24. Ila ule msingi wa kungoja na kuachia unaweza kuufanyia kazi hapo Likoni kuanzia leo.

Kwanza ujue kichwa chako kinapoanzia. Weka ncha za vidole vya shahada kwenye vile vishimo vilivyo nyuma ya ndewe za masikio, chini kidogo. Katikati ya vidole hivyo, ndani kabisa, ndipo fuvu linapokalia pingili ya kwanza ya shingo. Ni juu kuliko watu wengi wanavyodhani. Sasa itikia "ndiyo" kwa kichwa, kidogo sana, mtu aliye kando yako asione. Harakati hiyo inatosha kuelekeza macho kwenye simu ikiwa umeiinua simu kidogo. Shingo nzima haina haja ya kuporomoka.

Na hapo hapo, chunguza meno. Unaposoma maneno haya, ya juu na ya chini yamegusana? Taya lililopumzika huacha nafasi ya milimita 2 hadi 4 kati ya meno, midomo ikiwa imefungwa. Kazi ya meno kukutana ni wakati wa kutafuna na kumeza. Wagonjwa wengi wa shingo ninaowaona meno yao yameumana tangu asubuhi, na wao hawana habari.

Tuje kwenye nazi. Naipenda kwa kufundishia kuliko kiti cha ofisi, kwa sababu ni kazi fupi, inajirudia, na kosa lake unaliona hapo hapo. Umefika nyumbani, umechoka, watoto wanataka wali. Umeketi juu ya mbuzi ya kukunia, kifuu kimoja mkononi, beseni chini. Kabla nazi haijagusa kile chuma chenye meno, mabega yamekwisha kupanda, taya limeumana, pumzi imesimama, na kichwa kimetoka mbele kuchungulia ndani ya kifuu. Na hakuna hata kimoja hapo kinachokuna nazi. Kinachokuna ni viganja vinavyokizungusha kifuu na uzito wa mikono unaoshuka juu ya chuma.

Leo jioni keti, shika nazi, lakini usikune. Toa pumzi yote, taratibu, uiache ya pili iingie yenyewe. Ile hamu ya kuanza utaihisi mabegani, yatataka kupanda. Usiyashushe kwa nguvu, maana kuyashindilia chini nako ni kujikaza. Yaache tu yasiendelee na safari yao. Meno yaachane. Uhisi makalio yalivyoukalia ubao, yaani uzito wako uachie ubao uubebe. Ukitaka kuona ndani ya kifuu, inamia kwenye nyonga ili kiwiliwili chote kije, badala ya kukituma kichwa peke yake. Kisha kuna kidogo, kwa nguvu ndogo kuliko ile unayodhani itatosha. Nazi itakunika. Ikigoma, ongeza nguvu kidogo tu. Utashangaa nguvu nyingi ilikuwa inaishia kwenye vidole vinavyokikaba kifuu, wala haikuwa inafika kwenye chuma.

Baada ya kidogo, simama. Legeza vidole, tazama bega la kulia liko wapi. Litakuwa limerudi juu, nakuambia mapema. Si kitu. Achia, endelea. Kukumbuka huko ndiko zoezi lenyewe. Kulegea moja kwa moja tangu kifuu cha kwanza mpaka chicha haiwezekani, na wala sitaki ujaribu.

Mbuzi ikiwa butu, ikanolewe, maana chuma butu humlazimisha hata mtu aliyelegea ajikaze. Ikiwa ni ya chini mno mpaka magoti yanapita nyonga, mgongo utapinda upende usipende. Kunja kitambaa kigumu juu ya ubao ujiinue. Wale wanaosagiwa nazi kwa mashine sokoni nawaonea wivu kwa muda wanaookoa, ingawa wamepoteza darasa zuri.

Kivukoni ni jambo jingine, kwa sababu pale unajikaza kwa sababu ya haki. Watu wamesongamana, mkoba umeubana kwapani simu isichomolewe, macho yako huku na huku. Sitakwambia ulegeze mkono ukaibiwa. Ibadili kazi yenyewe: tafuta mkoba wenye mkanda mrefu, uupitishe kifuani kwa mshazari, mkoba ukae mbele tumboni, na mkono mmoja uulaze juu yake. Bega lililoajiriwa ulinzi mwaka mzima limestaafu. Hujaniambia unabeba mkoba upande gani, lakini ningekisia kulia.

Geti likifunguliwa, umati unaondoka kwa pamoja na huna budi kwenda na mwendo wao. Enda kasi, hakuna neno. Tazama tu kama unakimbia kwa miguu au kwa shingo. Watu wengi wenye haraka hutanguliza kidevu, na kidevu hakijawahi kumfikisha mtu feri mapema. Ukishapanda, simama miguu imeachana kwa upana wa nyonga na magoti usiyafunge kwa nyuma. Goti lililofungwa hukaza kiuno, na injini inapotikisa sakafu ule mtikisiko unapanda mpaka kisogoni. Goti likiwa huru unaishia njiani. Elekeza fikra kwenye nyayo: uzito uko kisiginoni au vidoleni? Mguu mmoja unabeba zaidi ya mwenzake? Huna haja ya kusahihisha lolote. Ukishajua tu, mwili mara nyingi hujipanga wenyewe. Simu ibaki mkobani kwa huo muda mfupi wa kuvuka. Ujumbe hautazama baharini.

Ofisini sina mengi, maana haya yameandikwa sana. Kipanya kikae karibu na kibodi, mkono usinyooke kukifuata. Viwiko viwe usawa wa meza. Meza ikiwa juu mno, ndiyo hiyo inayokupandisha mabega kutwa, basi inua kiti na uweke kitu chini ya miguu. Simu usiibane kati ya sikio na bega huku unaandika. Kiyoyozi kikikupuliza shingoni, omba uhamishwe au ujitande, kwa sababu mtu anayehisi baridi hujikunyata mabega bila kufikiri. Na kile kikofia cha ndani ya hijabu, kikiacha alama kwenye paji unapokivua, kinabana mno na peke yake kinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Nunua kilicholegea.

Lakini kuna jambo la ofisi kama yako ambalo viti na meza haviliponyi. Kontena limekwama bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na mteja anakupigia wewe, si aliyelikwamisha. Simu ikilia tu, mabega yanapanda, pumzi inakatika, kabla hujajua hata ni nani. Mwili unajiandaa kwa ugomvi. Acha simu ilie mara mbili. Katika mlio wa kwanza toa pumzi, katika wa pili achanisha meno, ndipo upokee. Mteja atakuwa na hasira zile zile, hilo siwezi kukusaidia, ila utazisikiliza ukiwa na shingo tofauti. Pia simama unapozungumza, utembee mpaka dirishani. Hata mkao mzuri sana ukikaliwa asubuhi nzima bila kusogea unaumiza.

Sujudi sasa. Nazungumza mambo ya viungo tu, ya fiqhi muulize ustadhi wako. Kwenye rukuu, dada, tayari unalijua jambo ambalo wagonjwa wengine hunichukua muda mrefu kuwafundisha, yaani kuinamia kwenye nyonga huku mgongo umenyooka. Watu wengi hudhani mwili unakunjika kiunoni. Nyonga ziko chini zaidi, kwenye ile mikunjo ya kinena, na pale ndipo penye viungo vikubwa vilivyoumbwa kwa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayerukuu vizuri akimaliza sala hukunja mgongo mzima kuokota kandambili. Ipeleke rukuu jikoni, kwenye beseni la nguo, kwenye kitanda unapotandika. Na ule utulivu kati ya nguzo moja na inayofuata, pale viungo vinapotulizana kabla ya kuhama, ni kungoja kule kule ninakokutaka ukufanye na nazi.

Ukifika kwenye sujudi, chunguza uzito umetua wapi. Viungo ni saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili. Wenye shingo inayouma mara nyingi humwaga uzito mwingi kwenye paji na kuyavuta mabega mpaka masikioni, hasa wakiwa wamejibana kwenye nafasi ndogo. Viganja na magoti vibebe haki yao, paji litue na litulie. Unapoinuka, kichwa kisitangulie kwa kurushwa nyuma. Kiinuke sawia na kiwiliwili. Ikiwa bado inauma sana, mgonjwa ana ruhusa zake katika sala, na ustadhi anazijua kuliko mimi.

Siku za maji kukatika, mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20 na zaidi, mara nne ya kichwa chako, tena unaning'inia upande mmoja. Bora miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, hata kama itabidi uende mara mbili. Usogelee mtungi mpaka uwe kati ya miguu yako, inama kama nilivyosema, toa pumzi unapouinua. Mkono ubebe ukiwa umenyooka. Bega lisijaribu kusaidia kwa kupanda.

Kuna watu nikiwaambia "achia bega" wananitazama tu, kwa sababu hawakumbuki bega lililoachiwa likoje. Ukiwa mmoja wao, usiku kabla ya kulala tumia njia ya Edmund Jacobson, daktari wa Chicago aliyeishughulikia misuli katika miaka ya 1920. Unakaza kwa makusudi, kisha unaachia. Kunja ngumi ya kulia kwa sekunde tano au zaidi kidogo, ifungue mara moja, kisha ukae na ile tofauti kwa nusu dakika bila kufanya lolote. Halafu ya kushoto. Halafu pandisha mabega kuelekea masikioni, si kwa nguvu zako zote kwa kuwa yanauma, uyaachie. Kisha uso, tumbo, mapaja, nyayo. Wengi hulala kabla hawajafika nyayo, na hilo nalo si hasara.

Nina onyo moja. Usijipeleleze kutwa nzima. Nimewaona wagonjwa wenye bidii waliogeuka askari wa miili yao, kila dakika wanakagua bega, na kukagua kwenyewe kumewakaza upya. Chagua tendo moja kwa wiki. Wiki hii nazi, basi. Wiki ijayo feri. Ya tatu mlio wa simu. Mengine yote fanya ulivyozoea, na ukisahau mpaka usiku, kesho ipo. Katika wiki za mwanzo huenda ukajihisi umepinda, au kichwa kimekaa mahali si pake. Ndiyo zile habari za uongo nilizozisema. Jitazame kwenye kioo uhakikishe. Na yule mwanao mpe kazi mpya: aache "kaa wima", akiona umejikunyata akwambie "mama, bega" na aishie hapo.

Nafuu huanza kwa namna ambayo mtu huweza asiitambue. Maumivu yanaweza kuwa bado yapo, lakini unakuta siku fulani kisogo kimeanza kuuma usiku badala ya jioni. Hayo ni maendeleo. Zikipita wiki sita bila hata dalili hiyo, tafuta mtu wa fiziotherapia akushike shingo na akutazame unavyosogea, kwa sababu kuna mambo ambayo barua haiyaoni.

Kuhusu mto, usinunue bado. Kinachotakiwa kwa mto ni unene tu. Ukilala ubavu, ujaze nafasi iliyo kati ya sikio na ncha ya bega, kichwa kisining'inie wala kisisukumwe juu. Ukilala chali unatosha mwembamba zaidi. Ukilala kifudifudi, shingo inashinda imegeuzwa upande mmoja usiku kucha, na hapo hakuna mto wa bei yoyote utakaokufaa, jizoeze ubavu. Kwa sasa chukua taulo, likunje kwa urefu, liingize ndani ya foronya upande wa shingo, chini ya mto wako wa sufi ambao nadhani umebonyea katikati. Punguza au ongeza mkunjo kwa siku kadhaa mpaka uamke vizuri. Taulo likikusaidia, pima unene uliofikia na uende dukani na kipimo hicho. Huenda wa bei ya kawaida ukakutosha.